Kusoma Upya Vitabu vya Kidato

Moshi, Julai

Mwezi huu mlima unajifunika siku nzima, na jioni baridi inawarudisha watu ndani mapema. Ni majira mazuri ya kuvishusha vile vitabu vya ujanani.

Anayeirudia riwaya aliyoisoma kidato cha tatu au cha nne hukutana kwanza na uchambuzi, riwaya yenyewe inafuata nyuma. Dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, wahusika bapa na wahusika duara: vyote vilikaririwa kwa ajili ya swali la insha, na mara nyingi vilitoka kwenye desa, yale maelezo mafupi ya kukariri, kabla kitabu hakijafunguliwa. Miaka 20 ikipita, desa ndilo linalobaki. Mtu atakwambia bila kusita kwamba kitabu fulani kinaonyesha nafasi ya mwanamke katika jamii. Muulize huyo mwanamke alifanya nini, aliishi wapi, aliolewa na nani. Kimya.

Kwa hiyo desa lisiguswe kabisa, na hata utangulizi wa kitabu uachwe hadi mwisho. Kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, chukua karatasi uandike nusu ukurasa wa unayoyakumbuka: majina, mahali, tukio moja au mawili, na namna hadithi inavyoisha. Usijisahihishe. Kumbukumbu ikishakutana na maandishi hujirekebisha yenyewe, na baada ya sura mbili utaapa kwamba ulikuwa unajua tangu zamani. Ukilinganisha mwishoni utakuta mambo ya ajabu: mandhari na vitisho vimekaa sawasawa, mpangilio wa matukio umevurugika, na pengine wahusika wa vitabu viwili vya mwaka mmoja wameungana kuwa mtu mmoja.

Mwendo nao una hesabu yake. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa 1951, huwachosha wengi kwa sababu wanaisoma kwa kasi ya gazeti. Karama anajitetea mahakamani mbele ya mashtaka ya Waziri Majivuno, na utetezi wake unapita katika habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja anarudi na jambo la kuifaa nchi, na malipo yake ni kifungo. Soma mjumbe mmoja kwa usiku mmoja, basi. Ukiwasoma watatu kwa mkupuo wanafanana, na utasema mwandishi anajirudia, ilhali kule kurudiarudia ndiyo hoja ya Karama mbele ya baraza. Sentensi zake ndefu zisome kwa sauti, hata ya chini, maana pumzi ndiyo inayoonyesha pa kutua. Kwa maoni yangu, kijana wa miaka 16 anaonewa anapopewa kitabu hiki. Aliyewahi kukaa kwenye kikao ambamo pendekezo zuri lilizimwa kwa sababu tu ya aliyelileta, huyo hahitaji kuelezwa falsafa ya mwandishi.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ni kisa kingine. Ilitoka 1971, ikazuiwa mashuleni kwa sababu ya uwazi wake kuhusu mapenzi, na kizuizi hicho kikaitangaza kuliko tangazo lolote. Vijana waliisoma kwa kujificha, wakiruka kurasa kutafuta mahali palipokatazwa. Ukirudi sasa, anza pale walipoparuka: nyumbani, Ukerewe. Zakaria, baba mlevi, anamchapa Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Regina, mama, ndiye anayeibeba nyumba. Kijana humfuata Rosa tu. Mtu mzima, hasa mwenye binti, atajikuta akimtazama Zakaria kwa muda mrefu kuliko anavyopenda, kwa kuwa ukali ule unajiita malezi, na mwandishi anauonyesha ukizaa kile kile ulichokusudiwa kukizuia. Hapo ndipo swali la kufaa kuandikwa pembeni lilipo: safari hii nimekuwa upande wa nani, na zamani nilikuwa upande wa nani?

Nakala yenyewe ni kazi. Maktaba ya mkoa, hapa Moshi au kule Arusha, ndipo pa kuanzia. Kwa wauza vitabu vya mitumba kandokando ya barabara, tazama mambo matatu kabla ya kutoa hela. Fungua kurasa za mwisho, kwa kuwa ndizo zinazodondoka kwanza, na riwaya isiyo na mwisho haina bei. Angalia rangi ya herufi: zikiwa za kijivu na pambizo limekatwa hadi kwenye maneno, ni nakala ya mashine, na mara nyingi kuna ukurasa uliorukwa. Kisha nusa. Harufu ya uvundo maana yake kuvu, na kuvu huhamia kwenye vitabu vingine rafuni.

Vilivyo nyumbani vina maadui wao. Boksi lililolazwa juu ya sakafu ya saruji hunyonya unyevu wakati wa masika, Machi hadi Mei, na mchwa hupitia hapo hapo chini. Liinue juu ya matofali, liachie nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Kitabu chenye kuvu kikaushwe kivulini penye upepo, kisimame kurasa zikiwa wazi, kisha kisuguliwe kwa brashi laini ukiwa nje na umefunika pua. Usikianike juani: karatasi hujikunja, na ile ya bei rahisi huzidi kuwa njano na kumeguka. Kurasa zilizochomoka hubandikwa kwa gundi nyeupe ya maji, mstari mwembamba tu kwenye ukingo wa ndani, halafu kitabu kinafungwa na kukandamizwa kwa tofali usiku kucha, kipande cha nailoni kikiwa katikati ili kurasa zisishikane. Selotepu ni adui. Gundi yake huingia kwenye karatasi, ikaacha doa la kahawia, halafu plastiki yenyewe ikabanduka.

Riwaya za upelelezi zina njia yake, maana siri unaijua. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, isome kwa kuanzia sura ya mwisho, kisha urudi mwanzo ukitazama kila mahali mpelelezi, Bwana Msa, anaponyamaza na kiko chake: kuna kitu kakiona. Msamiati wa Unguja ukikukwama, weka nukta kwa penseli na uendelee, kamusi iwe mwisho wa sura, kwa sababu nusu ya maneno yatajieleza kabla ya hapo. Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, anashika zaidi ukikumbuka kwamba Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao Dar es Salaam, na kwamba majasusi wa makaburu hawakuwa wa kubuni tu. Mbio na risasi bado zinakwenda vizuri. Wanawake wake, wengi wameumbwa watamanishe au wasaliti, na hilo halijazeeka vizuri.

Kitabu kisipokushika hadi ukurasa wa 50, kiweke. Isipokuwa cha Shaaban Robert, huyo mpe usiku mwingine.