Daftari la kufanana: wiki ya 6

Wiki hii nimeifuta kadi niliyoiandika mwanzo kabisa wa mradi wangu wa kadi za maneno ya Kiingereza na Kiswahili, ya neno "similar". Nilikuwa nimeandika "-a kufanana" nikaridhika. Kanga ndiyo iliyonizindua.

Jumamosi nilikuwa dukani kwa mamdogo, Darajani. Mgeni mmoja akashika doti ambayo haijakatwa, akauliza vipande viwili hivi vikoje. Nikamjibu ni "similar". Akaikunjua yote juu ya meza, akaanza kulinganisha pindo kwa pindo, mji kwa mji, mpaka maandishi ya jina. Anatafuta tofauti! Na mimi ndiye niliyemwambia ipo.

Sisi tukisema vitu vinafanana, vyaweza kuwa kitu kimoja kabisa, shilingi kwa ya pili. "Similar" haifiki huko. Inasema vitu vimekaribiana, na papo hapo inaacha mwanya. Doti ni "identical", au kwa maneno mepesi, "the same". Nimeandika hivyo kwa wino mwekundu.

"Resemblance" ni ndugu wa "similar", shina lao ni moja la Kilatini, "similis". Lakini hili hasa ni la macho, sura na umbo: mjukuu aliyemchukua babu yake pua na kipaji cha uso.

Ninalolipenda kuliko yote ni "likeness", maana ni la Kiingereza chenyewe. Katika Kiingereza cha kale, "lic" ilikuwa mwili; kufanana na mtu ni kuwa na umbo moja naye. Hata picha ya mtu iliyochorwa huitwa "likeness" yake. Kwenye kadi nimeweka "sura", kisha nikaongeza "mfano", kwa sababu neno moja peke yake halitoshi.

Kosa langu la kila siku: "resembles with". Sisi tunafanana na mtu, basi ulimi unaitafuta ile "na". Kitenzi chao hakiitaki kabisa. "Similar" ndiyo inayotaka "to".

Kadi ya "kulandana" bado iko tupu. Jana nilimuuliza mamdogo, naye anakata doti ya mteja mwengine. Akamaliza kukata, akalaza kipande juu ya kipande, akavuta ncha hadi pindo likakaa juu ya pindo.

"Huku ndiko kulandana, mwanangu. Shika hapa uone."

Nikashika. Neno la Kiingereza la kuandika sijalipata.