Koti lililofungwa upande wa kike: jinsi nilivyomtambua mwanamke wa kwenye picha ya ukoo

Picha hiyo ilitundikwa sebuleni kwetu, Mji wa Kale wa Mombasa, tangu sijazaliwa. Mwanamke ameketi kitini, amejifunga leso (kanga) moja na kujitanda nyingine, na nyuma yake amesimama kijana wa kiume aliyevaa kanzu, koti na kofia, mbele ya pazia lililochorwa nguzo na maua. Nyuma ya picha, marehemu ami yangu aliandika kwa wino: "Nyanya mkubwa, siku ya harusi, 1895." Kwa maandishi hayo sote tuliamini kwamba huyo ni mama wa nyanya yake shangazi yangu, yaani yule ambaye mimi ni kilembwe chake. Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa akinung'unika. Alisema sura ile ni ya nyanya yake mwenyewe, aliyemlea utotoni, ila kuna jambo moja lililomzuia kuapa: nyanya yake alivaa kipini upande wa kushoto wa pua, na mwanamke wa pichani anacho upande wa kulia.

Mimi ni fundi wa kushona, na pengine nisingeliingilia jambo hili kama kioo cha fremu kisingalipasuka. Nilipoitoa picha ili nikaiwekee kioo kingine, niliitazama kwa mara ya kwanza bila mng'ao wa kioo, na jicho likaenda lilikozoea kwenda, kwenye mshono. Koti la yule kijana lilikuwa limefungwa kike. Koti la mwanamume huwa na vitundu vya vifungo upande wa kushoto, na upande huo ndio unaolala juu ya wa kulia. La mwanamke huwa kinyume chake. Nilidhani labda kijana aliazima koti, kwa kuwa watu waliokwenda studio zamani waliazima hata viatu. Lakini mfuko wa kifuani nao ulikuwa kulia, na mfuko huo hukaa kushoto. Fundi anaweza kukosea kimoja kati ya hivyo viwili. Kuvikosea vyote katika koti moja lililokatwa vizuri namna ile, sikuweza kuamini.

Nikaelewa kwamba aliyekosea hakuwa fundi wa nguo bali fundi wa picha. Zamani picha ilichapishwa kwa kulaza negativu, yaani kile kioo chenye picha ambayo nyeupe na nyeusi zimebadilishana, juu ya karatasi yenye dawa, ule uso wa negativu wenye dawa ukiwa umegusana na karatasi. Ikigeuzwa, picha hutoka vilevile, ila kushoto kunakuwa kulia, na tena hufifia kidogo kwa sababu unene wa kioo umeingia kati. Picha yetu ilikuwa na ukungu ambao siku zote tuliusingizia uzee.

Niliipitisha kwenye skana kwa kipimo kikubwa, kisha nikaigeuza kwa programu ya simu. Koti likafungika kiume. Kipini kikahamia kushoto. Sikumwambia shangazi siku ile, kwa maana kipini peke yake kilithibitisha tu kwamba hakuna kizuizi; hakikuthibitisha kwamba ni yeye.

Jambo la pili lilikuwa leso. Karibu na pindo la ile aliyojitanda kulikuwa na alama ambazo, kwa kuwa tuliambiwa ni 1895, nilizichukulia kuwa herufi za Kiarabu zilizofifia. Shangazi, ambaye husoma Kiswahili cha herufi hizo bila taabu, aliwahi kuniambia kwamba haoni hapo hata herufi moja anayoijua. Baada ya kuigeuza picha, nilisoma herufi nne waziwazi: UNGU. Zilizobaki zilizama kwenye mkunjo wa bega. Ukoo mzima ulibishana kwa wiki nzima kama ni Mungu, uchungu, chungu au fungu, nami nikawaacha wabishane, kwa sababu kilichonihusu mimi ni kwamba zilikuwa herufi za Kirumi.

Leso zina historia inayojulikana vizuri kuliko nguo zetu nyingi. Jina lenyewe lilitokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono, na leso za mwanzo zilikuwa vitambaa vya namna hiyo vilivyoshonwa pamoja, sita kwa leso moja. Baadaye ndipo zikaja zilizochapishwa nzima, zenye mji, yaani sehemu ya kati, na pindo. Majina, yaani yale maneno yanayoandikwa chini ya mji, yalikuja nyuma zaidi: anayetajwa sana kuyaanzisha ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa hapa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, mwanzoni mwa karne ya 20. Majina ya kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi za Kirumi zikafuata. Leso yenye UNGU haiwezi kuvaliwa mwaka 1895.

Na harusi je? Leso ya bibi harusi ni kisutu, chenye nyeupe, nyekundu na nyeusi, na michoro midogo iliyojaa mji wote. Hapa nilijihadhari, kwa sababu dawa za picha za zamani hazikuiona rangi nyekundu. Nyekundu hutoka nyeusi, na buluu hutoka karibu na nyeupe. Kwa hiyo sikuthubutu kuhukumu kwa rangi. Nilihukumu kwa mchoro: mji wa leso ile una maua makubwa machache yenye nafasi kati yake, na hayo si kisutu hata kidogo. Chini ya leso, tena, kulionekana ukosi na mkono wa gauni lililoshonwa. Ili nisitegemee kumbukumbu yangu, niliketi usiku kadhaa na mkusanyo wa picha za Afrika Mashariki wa Winterton ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wenye picha zaidi ya 7,000 za tangu 1860 hadi 1960 zinazotazamwa bure kwenye intaneti. Katika picha za pwani za miaka ya 1890 nilizozipitia, wanawake wengi wamefunga leso chini ya kwapa na mabega yako wazi. Hilo halikatazi mmoja kuvaa gauni, lakini liliongeza uzito upande mmoja wa mizani.

Kilichokata shauri kilikuwa kitu kidogo kuliko vyote. Kwenye kifundo cha mkono wa kijana, chini ya ncha ya mkono wa koti, palikuwa na mviringo unaong'aa wenye ukanda: saa. Wanaume wa wakati ule walibeba saa za mfukoni zenye mnyororo, na saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake, hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vya 1914 hadi 1918 vilipowazoeza askari kuivaa. Nguo ya zamani mtu anaweza kuivaa miaka arobaini, kwa hiyo nguo haisemi picha ilipigwa mwisho lini. Husema tu kwamba haikupigwa kabla ya nguo hiyo kuwapo.

Sasa nilihitaji tarehe moja kutoka kwa ukoo, nayo nilikuwa nayo bila kujua. Shangazi husema daima kwamba mama wa nyanya yake alifariki mwaka ambao reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu. Reli ilifika huko mwaka 1901. Mwanamke aliyezikwa mwaka huo hawezi kukaa mbele ya kijana mwenye saa ya mkononi, amejitanda leso yenye herufi za Kirumi. Binti yake anaweza. Ami, naamini, hakudanganya. 1895 ndio mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao hapa, na kwa wazee wetu kila kitu cha kale kilirudishwa kwenye mwaka huo.

Nilichapisha picha mpya iliyogeuzwa sawasawa nikampelekea shangazi, bila kumwambia lolote. Aliishika karibu na dirisha, akaweka kidole kwenye pua ya yule mwanamke, akanyamaza. Kisha akasema, "Ndiye. Hata anavyoinamisha shingo ni yeye." Tulikuwa tumeambiwa siku zote kwamba nyanya yake hakuacha picha hata moja.

Maandishi ya ami sikuyafuta. Nimeandika kwa penseli chini yake: "Si harusi. Baada ya 1914. Imechapishwa kinyume." Shangazi sasa ananisumbua kila Ijumaa kuhusu yule kijana ni nani, nami nimeanza na kofia yake.