Anzia mkiani: nilivyowatenganisha tomi, granti na jamaa zao kwenye picha

Ushauri niliopewa mwanzoni ulikuwa mmoja, na hadi leo unasambazwa kama kweli: swala mwenye mstari mweusi ubavuni ni tomi (swala wa Thomson), asiye nao ni granti (swala wa Grant). Niliufuata kwa picha zote za Serengeti nilizokuwa nazo, karibu mia sita, nikazigawa folda mbili. Baadaye nikalazimika kuzifumua zote na kuanza upya, jioni tatu nzima.

Kosa lilijitokeza kwenye picha moja. Ndani ya folda ya tomi kulikuwa na jike mwenye mstari mweusi uliokolea, kasimama ubavu kwa ubavu na dume la tomi, na mgongo wake umempita yule dume kwa zaidi ya kiganja. Tomi jike hawezi kuwa mrefu kuliko dume lake. Nikamkuza yule jike, nikaona nyuma yake pote peupe, weupe umepanda hadi juu ya mkia. Alikuwa granti. Nilipozirudia picha nyingine nikakuta hali ni ile ile: granti wachanga na majike wengi wanao mstari huo, na kwa baadhi yao ni mweusi kabisa. Linalokosa mstari ni dume lililokomaa, na ndilo wanalolipiga picha zaidi kwa sababu ya pembe zake. Nadhani ndiyo maana ule ushauri unaonekana kufanya kazi.

Sasa sianzi ubavuni. Naikuza picha hadi shina la mkia lijae kwenye skrini, halafu najiuliza swali moja tu: je, rangi ya kahawia ya mgongo inafika kwenye mkia? Ikifika, na weupe ukabaki chini ya mkia na pembeni mwake, ni tomi. Weupe ukivuka juu ya mkia na kuingia kiunoni, ni granti. Mkia wenyewe unathibitisha: wa tomi ni mweusi, wa granti ni mweupe na ncha ndiyo nyeusi. Tomi hautulizi mkia wake, kwa hiyo mara nyingi unatoka kama ukungu mweusi hata kama mnyama mwenyewe ametoka safi. Usiifute picha hiyo. Huo ukungu mweusi ni ushahidi tosha.

Mnyama akiwa ameelekea kamera, mkia hauonekani, nami hupenda kufungua picha ya kabla na ya baada kuliko kubahatisha. Kama hazipo, ndipo naziangalia pembe. Za tomi jike ni fupi na nyembamba, mara nyingi zimepinda ovyo, moja imevunjika au hazipo kabisa. Za granti jike ni nyembamba lakini zimenyooka vizuri, na zinazidi urefu wa masikio yake. Madume hayasumbui: pembe za dume la granti huweza kuvuka sentimita 70, za tomi haziifikii 50. Ila upande wa magharibi mwa Serengeti na Masai Mara wapo granti ambao pembe zao zinatanuka sana kwenda nje, msidhani ni mnyama mwingine.

Mahali picha ilipopigwa panaokoa muda kuliko vyote. Granti yupo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, tomi hayupo. Picha ya Ruaha haihitaji kuulizwa swali la mkia hata kidogo.

Swala pala naye anaingizwa kwenye mkanganyiko huu bila sababu, hasa majike, kwa kuwa hawana pembe. Pala ana mistari mitatu myeusi nyuma: mmoja kila upande na mmoja unaoshuka kwenye mkia. Kama mistari hiyo haionekani vizuri, shuka kwenye miguu ya nyuma: juu kidogo ya kwato kuna kishungi cheusi cha manyoya. Tomi na granti hawana.

Nyamera, au topi kama wengi wanavyomwita, na kongoni wanapotea kwenye mwanga mbaya. Jua likiwa nyuma yao wote huwa weusi, na jua la jioni humtia kongoni wekundu usio wake. Hapo rangi haiaminiki, soma pembe. Za nyamera zinatoka moja kwa moja kichwani na kurudi nyuma. Za kongoni zimekaa juu ya mfupa uliorefuka kama kigingi, zinatoka pembeni kwanza ndipo zinapanda. Mwanga ukiwa mzuri, mabaka ya kijivu-zambarau kwenye mapaja na mabega ya nyamera, pamoja na miguu ya njano chini, yanamaliza shaka. Ndama wa nyamera ni wa rangi ya mchanga na mabaka hayajakolea, kwa hiyo mtazame mama aliye karibu naye.

Kwa tandala pia naachana na mkia. Ruaha wapo wote wawili, mkubwa na mdogo, na majike wote hawana pembe. Tandala mdogo ana mabaka mawili meupe shingoni, moja juu kooni na jingine chini shingo inapokutana na kifua. Tandala mkubwa hana, na dume lake lina ndevu ndefu zinazoshuka kooni. Mistari ya ubavuni naihesabu mara mbili: zaidi ya kumi ni mdogo, chini ya hapo ni mkubwa. Kwenye kamera za kutegwa usiku, ambako rangi zote hugeuka kijivu, mabaka ya shingoni bado yanang'aa, ndiyo maana nayategemea kuliko mistari.

Kuro narudi nyuma tena. Wapo wa aina mbili: mmoja ana pete nyeupe matakoni, kuzunguka shina la mkia, mwingine, defasa, ana baka jeupe lililojaa hapo hapo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi aina hizi mbili huchanganyika, na utaona pete iliyojaa nusu, au iliyokatika juu. Hao nawaandika kuro tu, bila kuongeza neno.