Nilivyoirejesha seva yetu kwenye mashine tofauti baada ya mafuriko

Mwishoni mwa Aprili 2024, mvua ya masika ilipoifurisha mito ya Nairobi, maji ya Mto Ngong yaliingia alfajiri katika ghala letu huko Industrial Area, yakaifikia seva ambayo kwa miaka 6 nilikuwa nimeiweka sehemu ya chini kabisa ya kabati. Niliikuta imejaa tope. Sikuthubutu kuiwasha, kwa kuwa umeme ukipita katika saketi zenye maji huunguza hata kile ambacho kingeweza kuokolewa. Hesabu zote za dawa tunazosambaza zilikuwa humo, pamoja na mishahara ya wafanyakazi.

Nakala rudufu zilikuwapo. Mhasibu wetu, mama mwenye uangalifu mkubwa, alikuwa akiichukua kila Jumamosi diski ya nje yenye taswira ya seva nzima, yaani nakala kamili ya diski yake, na kuiweka nyumbani kwake Buruburu. Nakala ya hifadhidata yetu, iliyoendeshwa na programu ya PostgreSQL, ilitumwa kila usiku saa 4 kwenye kompyuta ya tawi letu la Ngara.

Kilichokosekana ni mashine. Seva ya aina ileile haikupatikana upesi, hivyo nilikwenda Luthuli Avenue nikanunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, yenye diski ya GB 500 ya aina ya NVMe, isiyo na sehemu zinazozunguka. Mhasibu aliponiona nikiishusha aliniuliza, “Mwanangu, mishahara itatoka kweli kwa hicho?” Nikamwomba anipe siku 2.

Kikwazo cha kwanza kilijitokeza mara moja. Taswira ilikuwa ya diski ya GB 600, na ingawa mafaili yenyewe hayakuzidi GB 140, taswira ya namna hiyo hunakili diski sehemu kwa sehemu na haikubali kuingia katika diski ndogo zaidi. Niliifungua kwa kusoma tu, nikaigawa upya diski mpya, kisha nikanakili mafaili pamoja na umiliki na ruhusa zake. Seva ya zamani iliwaka kwa BIOS, njia ya zamani ya kuwashia kompyuta, ilhali hii mpya ilikubali UEFI pekee, yaani njia ya kisasa, kwa hiyo nilitenga pia sehemu ndogo yenye mpangilio wa mafaili wa FAT32 ambamo programu ya kuwashia mfumo ingekaa.

Mfumo ulianza kuwaka, kisha ukasimama ukisema kwamba hauioni diski yake. Hapa ndipo nilipopoteza sehemu kubwa ya usiku, kwa sababu niliamini kosa limo katika namba za utambulisho za diski, ambazo hubadilika kila sehemu inapoumbwa upya na ambazo ni lazima zisahihishwe katika faili la /etc/fstab linaloueleza mfumo diski za kufungua. Nilizikagua mara 3, zikawa sahihi. Ilipokaribia saa 9 usiku ndipo nilipoorodhesha vifaa ambavyo kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaviona, nikakuta hakuna diski hata moja.

Chanzo kilikuwa uamuzi wangu wa zamani. Linux, mfumo endeshi wa seva yetu, inapowaka hupakia kwanza mfumo mdogo wa muda, yaani initramfs, wenye draiva, yaani programu ndogo za kuendeshea vifaa, za kuifikia diski. Debian, aina ya Linux tuliyotumia, kwa kawaida huweka humo draiva nyingi, lakini miaka iliyopita nilikuwa nimeuagiza ubebe zile tu zinazohitajika na mashine iliyopo, ili faili liwe dogo. Ulikuwa na draiva ya kadi ya RAID, yaani ile ya kuunganisha diski kadhaa, ya seva iliyozama, wala haukuwa na ya NVMe. Niliwasha Debian kutoka kwenye fleshi, nikaunganisha mfumo wetu chini yake pamoja na saraka za /dev, /proc na /sys, nikaingia ndani kwa amri ya chroot, nikarudisha mpangilio wa MODULES=most, ule wa kubeba draiva nyingi, na kuiunda upya initramfs. Mara hii uliwaka mpaka mwisho.

Mtandao haukuamka, kwani kadi mpya ilipewa jina tofauti na lile lililoandikwa katika mipangilio. Hilo lilichukua dakika chache. Hifadhidata sikuitoa katika taswira, kwa sababu ilikuwa ya Jumamosi, tena mafaili ya hifadhidata yakinakiliwa huku yakiandikwa hayaaminiki. Niliunda hifadhidata tupu, nikaijaza kwa nakala ya Ngara.

Sikutaka kutangaza kwamba kazi imekwisha kwa kuona tu skrini imefunguka. Nililinganisha ankara za mwisho na vitabu vya madereva, karatasi kwa karatasi, na vijana wa ghala wakahesabu dawa za rafu 4 za juu ambazo maji hayakuzifikia. Namba ziliafikiana. Siku ya pili, saa 10 jioni, mhasibu alivuta kiti, akafungua orodha ya mishahara na kuanza kuipitia jina kwa jina.