Ukirudi Dar, usianze na fulana

Kwa wenzetu mnaorudi nyumbani baada ya miaka mingi, mtokee Muscat, London au Houston: wiki ya kwanza mtapelekwa ufukwe wa Coco kula mihogo, mtaona makopo yametapakaa ufuoni, na mtatamani kuita watu waje kufanya usafi. Jambo jema. Shida ni kwamba maandalizi huanzia kwenye fulana na bango, halafu gari la taka linakumbukwa saa sita mchana, viroba vimeshajaa na watu wanaaga. Viroba vikilala ufuoni usiku mmoja tu, kunguru na mbwa wanavitoboa, maji yakijaa yanamalizia kazi, na kesho yake ufuo uko vilevile.

Kwa hiyo panga kuanzia mwisho. Wiki mbili kabla, nenda ofisi ya serikali ya mtaa na kwa mtendaji wa kata, uulize nani anazoa taka eneo lile, gari linapita siku gani, na kama litakubali mzigo wa ziada. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, mbali na fukwe, kwa hiyo nauli ya gari ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Kirikuu moja, yaani kigari kidogo cha mizigo, hubeba viroba 30 hadi 40 vikipangwa vizuri na kufungwa kamba, kwa sababu plastiki hujaza nafasi kabla haijafikisha uzito. Ufuo ukiwa na diko, yaani mahali wavuvi wanaposhusha samaki, zungumza pia na viongozi wao. Wao ndio wanaojua uchafu unarundikana wapi na lini, na bila wao mtaonekana wageni mliokuja kupiga picha.

Sasa tarehe. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, na Jumamosi ya tatu ya Septemba husafishwa fukwe duniani kote. Zote mbili zinafaa kwa kupata watu, lakini bahari haifuati kalenda ya ofisi, inafuata mwezi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Dar hujaa alfajiri na kupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Hapo mkianza saa moja na nusu, maji yanawakimbia na jua bado halijachoma. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: kwenye saa nne hiyohiyo maji ndiyo yamejaa, na ufuo mwembamba unabaki ukanda wa kusimama tu. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo usikisie, angalia jedwali la maji au muulize mvuvi.

Msimu nao una lake. Mvua za kwanza za masika na za vuli husukuma nje kila kilichokaa kwenye mifereji na mito: Msimbazi, Mlalakuwa, Tegeta. Siku mbili tatu baada ya mvua kubwa utakuta pampasi, vifungashio na makopo ya juzi. Upepo wa kusi ukivuma, katikati ya mwaka, huja mzigo mwingine uliozunguka baharini muda mrefu: ndala, vifuniko, vipande vya nyavu, pengine chupa zenye maandishi ya Kiindonesia, zilizoletwa na mkondo wa bahari unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki.

Tofauti hiyo ina sababu. Plastiki ya vifuniko, ndoo na madumu ni nyepesi kuliko maji, inaelea miaka. Plastiki ya chupa za maji na soda ni nzito kuliko maji. Chupa huelea kwa sababu ya hewa iliyofungiwa ndani tu. Kifuniko kikitoka, inajaa maji na kuzama. Ndiyo maana mnaokota vifuniko vingi kuliko chupa, na ndiyo maana ufuo uliong'aa hauna maana kwamba chini kumesafika.

Vifaa kwa watu 30, wakifanya kazi wawili wawili kwa saa mbili na nusu: viroba 45 vya salfeti vilivyotumika (sokoni vinapatikana kwa bei ndogo), glovu nzito zilizopakwa mpira, si zile laini za hospitali, reki nne, na mizani mbili za kuning'iniza. Wekeni pia madumu mawili ya lita tano yenye mifuniko kwa ajili ya sindano na vioo. Sindano haiingii kwenye kiroba hata siku moja, maana atakayekibeba begani ndiye atakayechomwa. Watoto wapewe kazi ya kuhesabu na kuandika. Maji ya kunywa yaje kwenye madumu matatu ya lita 20, kila mtu na kikombe chake. Kuleta katoni za maji ya chupa kwenye usafi wa ufuo ni kichekesho tunachokiona kila mwaka.

Unayetoka nje, kama unataka kuleta kitu, leta mizani na glovu imara. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, na kwenye uwanja wa ndege utaambiwa uisalimishe. Zanzibar walitangulia, 2006.

Kiroba kijazwe nusu tu. Mchanga wenye maji ndio unaovunja migongo, na ndio unaodanganya mizani: mtatangaza tani moja kumbe nusu yake ni mchanga. Kung'uteni kila kitu kabla ya kukitia. Msizoe majani ya bahari yaliyokauka, hata kama yanachukiza macho. Yanashika mchanga usichukuliwe na maji na yanalisha viumbe wadogo. Okoteni plastiki iliyonasa ndani yake kwa mkono. Reki zisivuke mstari wa maji kujaa kwenda upande wa nchi kavu kwenye fukwe ambako kasa hutaga, Kigamboni upande wa kusini kwa mfano, kwa sababu mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili.

Kutenganisha kufanyike palepale, juu ya turubai, kabla ya kirikuu kufika. Chupa za maji na soda peke yake, plastiki ngumu peke yake, nyavu na kamba peke yake, vilivyobaki vyote dampo. Chupa za nusu lita 50 hadi 80 ndizo zinazotoa kilo moja, kwa hiyo msitarajie fedha. Wanunuzi hukataa chupa yenye mchanga ndani, na iliyochakaa kwa jua hadi inakatika ukiikunja. Ndala karibu hazina mnunuzi. Na msichome chochote, hasa mabomba na vipande vya waya, moshi wake ni sumu.

Makopo yanayouzika wapeni waokota makopo wa eneo lile. Hao wanasafisha ufuo siku zote za mwaka bila fulana, na mkiondoka na chupa zote za Jumamosi mmewanyima kipato cha siku. Wakialikwa mapema, huja na mizani yao, na bei za wanunuzi wanazijua kuliko nyinyi.

Mwisho, pimeni kipande cha mita 100, kutoka kwenye alama isiyohama kama ukuta au nguzo, na hapo hesabuni vipande kwa aina badala ya kilo. Rudini palepale bamvua inayofuata, wiki mbili baadaye. Pampasi na vifungashio vikiwa vimerudi, tatizo liko mtoni na kwenye mifereji ya mitaa ya juu, na usafi unaofuata ufanyike huko, kabla ya mvua.