Bafu la mita moja na nusu: nilivyolipanga kabla nyundo haijashikwa

Bafu letu hapa Wete, Pemba, lina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.1. Lilikuwa na choo cha kuchuchumaa mwisho kabisa, pipa la maji katikati, na sakafu ya saruji iliyotuamisha maji kila pembe. Magoti ya mama yalipoanza kumsumbua, mimi na kaka yangu tukakubaliana tulivunje, tutie choo cha kukaa, bomba la mvua na sinki dogo la kunawia. Pesa ya kuanzia tulikuwa nayo. Shida ilikuwa nafasi.

Fundi alikuja akatazama, akasema choo kikae ukuta wa mwisho, maana bomba la kwenda karoni linatokea hapo hapo. Kwa hesabu ya mabomba alikuwa na haki. Lakini ukuta ule ni wa kaskazini, na Pemba iko kusini ya Makka karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini hasa. Atakayekaa pale atakipa kibla mgongo, na sisi Waislamu tunapokwenda haja hatukielekei wala hatukipi mgongo. Choo cha zamani hakikuwa na neno kwa sababu kililazwa kwa upana wa chumba, ila cha kukaa lazima kiegemee ukuta. Wapo wanavyuoni wanaosema ndani ya jengo hakuna ubaya, na fundi akaitaja hoja hiyo. Mama akamjibu, "Fundi, jengo langu, na mgongo wangu pia." Fundi akacheka, akatoa tepu.

Basi choo kikahamia ukuta wa magharibi, mwenye kukaa anatazama mashariki. Kutoka hapo mengine yote yalijipanga yenyewe, na ndiyo maana nashauri mtu aanze na choo, aache rangi na marumaru kwanza. Sinki unaweza kulisogeza utakapo, kibomba chake ni chembamba. Bomba la choo ni la inchi 4, linataka mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita, na kila kona unayolipiga ni mahali pa kuzibia kesho. Letu tulilitoboza moja kwa moja hadi nje, kona ikawa nje kwenye chemba, ambapo mtu anafunua mfuniko na kuzibua bila kuvunja kitu.

Kabla ya kununua chochote nilichora bafu zima sakafuni kwa chaki, kwa vipimo vyake halisi. Karatasi inadanganya. Kwenye karatasi kila kitu kinaenea. Kutoka kusini, mlangoni, nilitenga sentimita 40 za sinki, 80 za choo (40 kila upande wa katikati yake, viwiko vipate pa kwenda), na 90 zilizobaki ndizo za kuogea. Jumla 210, ukuta umekwisha. Nikakata boksi la marumaru umbo la choo, urefu sentimita 70 kutoka ukutani, nikaliweka chini, nikamwekea mama kiti cha plastiki juu yake. Akakaa, akainuka, akajaribu kuinama kama anayetawaza. Mbele yake zilibaki sentimita 80, zikatosha hata mtu kumshika mkono. Hapo hapo tukaona kwamba mlango ukifunguka kwa ndani utagonga sinki, basi ukageuzwa ufunguke nje. Tukatia wa alumini. Wa mbao ulikuwa ukivimba kila masika mpaka tuusukume kwa bega.

Choo chenyewe nilikinunua kabla bomba halijachimbiwa, fundi akashangaa. Kuna vinavyotolea maji nyuma, ukutani, na kuna vinavyotolea chini, sakafuni. Ukichimba kwanza ukanunua baadaye, utatafuta choo kinachofuata shimo, na katika maduka yetu ya kisiwani huwezi kuchagua sana.

Maji ndiyo yaliyotufikirisha zaidi. Tenki letu liko juu ya mnara wa zege, kitako chake mita 3 kutoka chini, na kichwa cha bomba la mvua kiko mita 2. Tofauti ni mita moja tu, yaani nguvu ya sehemu moja ya kumi ya baa, kile kipimo cha msukumo wa maji. Vile vichwa vipana vya madukani vyenye vitundu kama sindano vinataka msukumo mkubwa. Kwa tenki kama letu vinadondosha matone. Tulichukua kichwa cha kawaida chenye matundu makubwa, na bomba la kushuka kutoka tenkini likawa la robo tatu inchi badala ya nusu. Pipa nalo halikutoka. Kaka aliona linaharibu sura, mimi nikaona bafu la huku lisilo na pipa na kata litatuaibisha siku maji yakikatika. Liko pembeni ya mahali pa kuogea. Kando yake kuna mfereji wa chini, yaani bomba la kufungulia maji, na kigoda cha zege alichoomba mama, atie udhu amekaa.

Sakafu ya kuogea imeshuka sentimita 2 kuliko pengine, na yote inateremkia tundu la maji. Kwa hiyo marumaru za chini ni 30 kwa 30 zenye mkwaruzo. Zile kubwa za kung'aa hazikubali mteremko na zinateleza. Ukutani tuliziweka mita 2 kwenda juu pale pa kuogea tu, kwengine rangi nyeupe. Juu ya ukuta wa magharibi tulijengea matofali ya matundu badala ya dirisha, hewa inapita usiku na mchana na hakuna fremu ya kuliwa na kutu.

Kabla mabomba hayajafunikwa niliyapiga picha na tepu ikiwa imenyooshwa kando yake, vipimo vinasomeka. Kaka tayari anataka mtambo wa maji moto, na tumeshamwachia bomba lake ukutani, limezibwa, sentimita 120 kutoka sakafuni. Mama anasema maji ya moto ni ya wagonjwa.