Mawimbi kwenye fulana: jinsi nilivyotatua nikiwa mbali na fremu

Natenganisha rangi za picha za kuchapwa kwenye fulana nikiwa Mombasa, na wanaochapa wako Marekani. Fremu, ile yenye kitambaa cha matundu kinachopitisha wino, siioni wala siigusi, kazi yote naituma kwa faili. Wiki mbili nimehangaika na picha ya uso wa mtu: kila wakichapa, shavuni yanatokea mawimbi kama ya hariri, na nukta ndogo zinazounda picha zinapotea kabisa.

Nilibadilisha pembe ya nukta. Nikapandisha ubora wa picha kutoka 300 hadi 600. Wapi!

Mwishowe niliwaomba waweke rula juu ya kitambaa cha fremu, wapige picha kwa karibu. Nikaikuza, nikahesabu uzi mmoja mmoja: nyuzi 43 kwa sentimita moja. Wao walikuwa wameniambia 110! Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nimezoea kuhesabu kwa sentimita, wao huhesabu kwa inchi, na 43 mara 2.54 ni kama 110. Nukta zangu, zilizopangwa mistari 60 kwa inchi, zilikuwa ndogo mno kwa matundu yale.

Kugawanya nyuzi za inchi kwa 4.5, hesabu ninayotumia kupata mistari ya nukta inayofaa fremu, kulinipa mistari 24 tu, na uso ungekuwa madoa matupu. Wakanitafutia fremu ya nyuzi 230 kwa inchi. Nikaweka mistari 50, pembe ya digrii 22.5, nikatuma tena.

Jana usiku picha imeingia. Shavu laini, hata kope zinaonekana. Siku hizi kabla sijafungua programu naomba kwanza picha ya rula.